Shati Nililolifua Chepsaita

Wairimu wangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza mandazi manne na kuninyang'anya langu la mwisho. Nakuandikia kwa sababu kuna maneno ambayo nikijaribu kukuambia uso kwa uso nitaanza na habari ya sabuni, niingie habari ya blanketi, na mwisho nitakuuliza kama umeshiba. Unanijua.

Sasa hivi uko mjini unasukwa. Ulisema utarudi saa kumi na moja. Nimekaa kitandani kwako na daftari magotini, mlango nimeutia komeo, na kila pikipiki inayosimama nje nadhani ni wewe. Nimekupigia mara mbili hujashika. Najua ni kelele za saluni.

Habari za kufunga dirisha, kutoazima watu simu na kununua chakula kabla ya viatu nimezisema tangu matokeo yako yatoke, na umezichoka. Leo naziruka.

Kesho saa nne babako anakuja na pikapu yake kukuchukua pamoja na sanduku lako, akupeleke Nakuru ukaishi kwake na usome chuo ukitokea nyumbani kwake. Uliponiambia ulikuwa unacheka na kulia kwa pamoja. Tangu utotoni umekuwa msichana asiye na baba wa kuonyesha mtu, na sasa unaye, ana gari, ana nyumba ya mawe, na amekununulia godoro. Mimi nikasema, "Ni vizuri." Nimesema ni vizuri labda mara tano wiki hii, na sikumaanisha hata mara moja.

Kuna kitu ninachokijua, na nataka ukijue kabla hujapanda gari hilo. Nimekificha miaka kumi na tano. Nikikificha tena kesho, nitakuwa nimekupandisha mimi.

Mama yako aliyekuzaa, Nyokabi, alikuwa dada yangu mkubwa. Hayo unayajua. Picha yake unayo. Picha haisemi kwamba alikuwa akicheka kwa pua kama mtu mwenye mafua, wala kwamba alinifundisha kazi hii iliyokulisha. Yeye alifua nguo za watu kabla yangu, hapa hapa Eldoret, nyumba kwa nyumba. Alipoolewa na kuhamia Chepsaita aliniachia wateja wake na beseni mbili. Mimi nikabaki na chumba hapa Huruma, mama fua kamili, vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee na sijafika hata thelathini.

Babako alikuwa msimamizi wa kinu cha kusaga unga pale senta. Na sitakudanganya: nilimpenda huyo mtu. Alikuwa mcheshi. Akija mjini aliniletea mahindi mabichi na kuniita "shemeji wa maana." Kanisani aliimba sauti ya chini, na wazee walimpa kiti cha mbele. Naandika hivi kwa sababu utamwangalia kesho utafute sura ya mtu mbaya, na hutaiona. Mimi pia sikuiona. Hata leo nikimkumbuka, anakuja kwanza akicheka.

Nyokabi alikuja kwangu Alhamisi moja amekubeba mgongoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi ukubwa wa kiazi. Alikuweka kitandani, akakaa chini sakafuni, akaniambia, "Muthoni, wacha nikae na wewe hadi mwezi uishe. Huko sirudi."

Nilimpa chai. Nilimkanda sikio kwa maji ya chumvi. Na nilipokuwa namkanda, mwanangu, nilikuwa nahesabu siku.

Kulikuwa na kijana wa Turbo aliyekuwa ananichumbia. Wazazi wake walikuwa waje kwa baba yetu Jumamosi ya wiki iliyofuata, waanze mazungumzo ya mahari. Na kwetu unajua mambo yalivyo: wazee hawapokei mahari ya mdogo wakati mkubwa amerudi nyumbani na yake haijamalizika. Wangesema kwanza wasuluhishe la Nyokabi. Lingechukua mwaka. Mimi niliona mwaka ni mrefu sana.

Kwa hiyo nilianza kumbembeleza. Nilimwambia kila mwanamke hupitia hayo. Nilimwambia mtoto anahitaji baba. Hilo la mtoto nilikuwa naliokota tu, halikuwa limenikaa moyoni. Ijumaa alikataa, Jumamosi akanyamaza, na Jumapili baada ya kanisa nilimnunulia leso mpya, nikakubeba wewe mwenyewe, na nikamrudisha dada yangu Chepsaita kwa mkono wangu.

Babako alitupokea mlangoni. Nilimwambia, kwa mzaha, "Nimekurudishia bibi yako, umtunze." Akacheka, akatupikia chai yeye mwenyewe. Nilisifu chai yake.

Nyokabi alinisindikiza hadi barabarani. Alinishika kiganja, akasema, "Ukifika Huruma, usikae mbali na simu."

"Aki wewe," nikamwambia. "Umekuwa muoga hivi lini?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia dada yangu. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kama kulikuwa na mengine baada ya hapo, hata kwaheri tu. Hakuna.

Wageni wangu walikuja Jumamosi ile, wakala, wakaenda wamefurahi. Siku nne baadaye, Jumatano, asubuhi mapema nikiwa naelekea kazini, jirani yake anayeitwa Mama Chebet alinipigia. "Muthoni, kuja. Nyokabi ameanguka." Nikamuuliza ameanguka vipi. Akasema, "Wewe kuja tu."

Nilifika kama saa nne. Mwili ulikuwa umeshaondolewa. Walikuwa wamemkimbiza zahanati kwa pikapu ya jirani na kutoka huko akapelekwa mochari. Babako alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya miti, amevaa koti lake la kinu lenye unga, wanaume wamemzunguka. Alisimulia, na watu wakarudia: yeye alikuwa amelala kinuni kulinda magunia, akarudi saa kumi na mbili asubuhi, akamkuta mkewe chini ya ngazi ya ghala la mahindi, ameanguka akichukua mahindi ya kuku. Akambeba akamlaza ndani, kisha akapiga kelele. Wewe ulikuwa kwa Mama Chebet, umelala. Nani alikupeleka huko, na saa ngapi? Mama Chebet alisema alikusikia ukigonga mlango wake gizani, peke yako, na ulikuwa huna viatu. Ulikuwa na miaka minne.

Niliingia ndani. Kulikuwa na damu sakafuni sebuleni, kwenye vitambaa vya viti, kwenye shuka, na ukutani karibu na mlango wa jikoni, chini, usawa wa goti.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo, na hakuna aliyenilazimisha. Wanawake wa kanisa walikuwa njiani. Wageni wa msiba wangeingia saa yoyote, na watu wa kwetu tunajua jambo moja: msiba ukiingia, nyumba husafishwa, viti hutolewa nje, sufuria kubwa hutafutwa. Nilisimama pale nikawaza, dada yangu hawezi kukutwa na watu nyumba ikiwa hivi. Nilimwonea aibu. Marehemu, nikamwonea aibu ya nyumba chafu!

Nikafunga leso kiunoni nikaanza kazi. Na mimi sikuwa mtu wa kusugua-sugua tu. Damu nilijua inavyotolewa: maji baridi, kamwe si ya moto, maana ya moto huifanya ishike nguo milele, chumvi, kisha sabuni ya kipande, kisha unasuuza hadi maji yawe meupe. Nilifua vitambaa vyote. Nilifua shuka. Ukuta niliupangusa mara tatu, sakafu nikaimwagia maji na kuyafagia nje kupitia mlango wa nyuma. Wanawake walipofika walinikuta nimemaliza nusu, wakasema, "Muthoni ana moyo wa chuma." Nilifurahi kusifiwa. Naandika hili nikiona haya.

Nilipokuwa natafuta beseni nyingine, nikaikuta nyuma ya jiko. Ndani kulikuwa na shati la babako, lile la mistari ya samawati, limelowekwa.

Shati limelowekwa si ajabu, utasema. Labda alichafuka akimbeba, akalivua. Nami nilijiambia hivyo hivyo. Lakini mimi ni mama fua, Wairimu. Wewe umelala chumba kimoja na beseni zangu, unajua. Nguo iliyolowekwa asubuhi ile bado ina povu ubavuni mwa beseni. Hii, povu lake lote lilikuwa limekufa, sabuni imetuama chini inateleza, na ukosi ulikuwa umeanza ile harufu ya nguo iliyolala majini. Hiyo harufu haiji kwa saa mbili wala nne. Lile shati lilikuwa limelowekwa tangu usiku. Usiku ambao mwenyewe alisema alikuwa kinuni. Na huyo mtu, katika ndoa yake yote, hakuwahi kufua hata kitambaa cha kamasi.

Nilijua pale pale. Usimsikilize mtu atakayekuambia kwamba nilikuja kufikiria baadaye. Nilijua nikiwa nimechuchumaa, mikono ikiwa majini. Na mikono ikaendelea. Nililifua shati lile, nikalisuuza, nikalikamua, nikalianika kwenye kamba. Kwenda na kurudi kwenye kamba nilipita chini ya ghala, kwenye ile ngazi. Vumbi lilikuwa kavu, lina nyayo za kuku tu.

Kwa nini sikuacha? Nimejiuliza hadi swali limechakaa. Nadhani nilikuwa naogopa kusimama. Nilijua nikisimama nitaiona ile Jumapili, mimi nikiwa nimekubeba, yeye akija nyuma yangu na leso mpya.

Askari walifika mchana. Walisema gari lilikosa mafuta. Mkubwa wao akasimama sebuleni, sakafu inang'aa, akauliza, "Nani amesafisha hapa?"

Tulikuwa wanawake kama kumi na wawili. Hakuna aliyejibu. Wengine walidhani watanitia matatani. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Akaniangalia, nikaangalia chini, akaandika kitu, wakaenda. Ripoti ya daktari ikasema ni jeraha la kichwa, laweza kuwa la kuanguka. Likaishia hapo.

Siku ya mazishi babako alivaa lile shati. Nilikuwa nimelipiga pasi mimi, pamoja na nguo za msiba zote.

Na sasa lile nililoshindwa kukuambia kuliko yote. Wiki tatu baada ya mazishi alikuja hapa Huruma amekushika mkono, na mfuko wa nguo zako. Nilidhani amekuja kusalimia. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Mtoto akae na wewe. Wewe ni mtu wa kuaminika." Aliposimama kuondoka akageuka mlangoni akasema, "Na asante kwa kunifulia."

Hivyo ndivyo nilivyokupata. Nilielewa, na yeye alijua kwamba nimeelewa. Ningefungua mdomo, angekuja kukuchukua. Yeye ni baba, na mimi nilikuwa mama mdogo mwenye chumba cha kupanga. Ukimya wangu akaulipa kwa kunipa wewe. Usiku wa kwanza ulilala umenishika nywele. Baada ya hapo kunyamaza kukawa rahisi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, jinsi kulivyokuwa rahisi.

Yule kijana wa Turbo hakurudi. Familia yake ilisema kwetu kuna mikosi. Nilimlilia siku mbili, nikaona ni machozi ya kupoteza, nikaacha.

Aliyelipa gharama ya hayo yote ni shosho wako, mama yetu. Unamkumbuka mzee wa watu na kile kikaratasi chake chenye namba ya ripoti, alichokihifadhi ndani ya Biblia? Miaka sita alikwenda kituoni nacho. Leo anaambiwa faili imepelekwa Eldoret, akienda Eldoret anaambiwa afisa amehamishwa, akimtafuta aliyehamishwa anaambiwa, "Shosho, enda nyumbani, tutakupigia." Hakuwa hata na simu. Na nani aliyekuwa akimsindikiza? Mimi. Nilimshika mkono kuvuka barabara, nikakaa naye kwenye benchi, nikamsikia akimwambia kila askari mpya, "Nataka tu kujua mtoto wangu alikufaje." Jibu lilikuwa limekaa kando yake, limebeba mkoba wake. Mara moja, tukiwa tunarudi, aliniambia, "Muthoni, wewe unachoka bure kwa ajili yangu." Nikasema sijachoka. Akafa hajui.

Nawe nilikudanganya. Ulipouliza ukiwa darasa la pili, nilikuambia mama alianguka ngazi ya ghala. Ulipouliza tena kidato cha kwanza, nililirudia neno kwa neno. Ulikuwa unaogopa ngazi hadi ukakataa kupanda juu kwa mwalimu wako wa hesabu, na mimi nikakuona unaogopa kitu ambacho hakikumuua mama yako, na nikanyamaza.

Halafu mwaka huu likaja jambo la kitambulisho. Kwa chifu walitaka nakala ya kitambulisho cha mzazi, au cheti cha kifo cha mama. Cheti ninacho. Kiko ndani ya sanduku langu la bati, chini kabisa. Lakini ungekisoma. Ungeona maneno ya daktari, ungeniuliza, na wewe huulizi swali moja ukatosheka. Kwa hiyo nikatafuta namba ya babako kwa binamu zake, nikakupa, nikisema moyoni ni nakala tu, atatuma, yaishe. Mimi ndiye niliyemleta. Wewe unadhani nilifanya hivyo kwa wema, na ulinikumbatia.

Uliporudi kutoka kumtembelea uliniambia, kwa hiyo Sheng yako ya kuniita mama, "Mathe, huyo msee alilia. Mtu hawezi lia hivyo kama ni fake." Naamini alilia. Alilia hata mazishini, na hayo nayo yalikuwa machozi ya kweli. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kulia kweli na bado akawa amefanya. Kama ningelijua hilo nikiwa na umri wako, nisingepima watu kwa machozi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kitu kidogo ulichosema ukicheka. Ulisema mke wake ni mpole ajabu, hata ukimuuliza kama chai ina sukari anamwangalia babako kwanza. Wewe ukaona ni mapenzi. Mimi nikakwenda nje nikajifanya naanua nguo.

Sisemi hujui kuona. Mimi nilimwona dada yangu mwenyewe na sikio lile, na nikaona mahari yangu tu. Mtu huona anachokitaka. Ila wewe ukienda mahali ukajikuta unapima maneno kabla ya kusema, unasikiliza nyayo za mtu ujue leo yukoje, usingoje sikio livimbe. Toka, hata bila viatu. Ulishawahi kufanya hivyo ukiwa na miaka minne, na sina shaka ndiyo maana uko hai. Na ukinipigia ukasema unarudi, sitakuuliza ni nini, sitakuambia uvumilie, na sitakusindikiza kurudi popote.

Unaweza kusema, Mathe, huna uhakika. Ni kweli. Sikuwepo. Sikumwona akimpiga siku hiyo. Nina shati, harufu, vumbi kavu, na neno asante. Ushahidi wote uliobaki nimeufua mimi, na niliufua vizuri kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Siwezi kukuambia kwa kiapo kwamba babako alimuua mama yako. Naweza kukuambia kwamba siwezi kulala ukiwa chini ya paa lake.

Leo asubuhi nilikuambia naenda kwa mteja. Nilikwenda kituo cha polisi. Nilipita lango mara mbili, mara ya tatu nikaingia. Afisa ni msichana mdogo, labda amekuzidi miaka michache. Nilipoanza kuongea aliweka simu chini. Alipoelewa akasema, "Sasa mama, miaka hii yote ulikuwa wapi?" Nikamwambia aandike tu. Akaniambia, "Ukishasaini hii, hairudi. Na wewe pia unaweza ulizwa kwa nini ulisafisha. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Tuliandika kurasa nne. Faili ya zamani hawakuiona. Alitafuta kabatini hadi mikono ikajaa vumbi, akasema wataanza nyingine. Hakuniahidi kitu, nami nilimheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo wataita watu kuulizwa. Babako atajua ni mimi. Naogopa, mwanangu, nisikufiche. Naogopa atakavyosimama mlangoni, naogopa atakavyokuwa mpole, naogopa kwamba atakuangalia machoni nawe utamwamini. Nimemwomba Baba Otieno wa jirani asiende kazini kesho kabla ya saa tano, na Mama Otieno atakuja kukaa hapa. Pikapu ikifika nitatoka mimi. Nitamwambia kile nilichokiandikisha, mbele yako, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa ploti. Nimejizoeza jikoni. Sauti inakatika nikifika kwenye shati, lakini nitasema.

Pale Nakuru, hosteli ya kanisa ina kitanda. Mwenye kuisimamia ameniwekea hadi Jumatatu. Ukitaka kwenda hosteli, tutakwenda pamoja kwa basi la asubuhi. Ukitaka kwenda kwake licha ya yote haya, wewe ni mtu mzima, sitakufungia mlango. Nitakuomba tu uende ukijua. Na ukitaka kumuuliza wewe mwenyewe, muulize hapa uani, watu wakiwepo, si ndani ya gari.

Barua hii siiweki kwenye sanduku lako uje kuisoma njiani. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla hujaonyesha mtu hizo nywele.

Kitu kimoja cha mwisho. Yule afisa, karibu na kumaliza, aliuliza, "Na huyu msichana wa marehemu, wewe ni nani yake?" Kalamu yake ilikuwa imesimama inangoja. Kwa lugha ya kwetu dada ya mama ni tata. Hilo ndilo jina ulilokuwa unaniita ulipokuja. Siku moja ukiwa na homa uliniita mama, na mimi sikukurekebisha. Nilijua nimelipataje, na bado nililitaka kuliko nilivyotaka haki ya mama yako mwenyewe.

Nimemwambia aandike tata.

Nasikia sauti yako langoni, unamsalimia Mama Otieno. Nitakuwa jikoni. Ukimaliza kusoma, niite kwa jina utakaloona linanifaa, nitaitika.

Muthoni